Kuku Aliyetembea Kabla Yangu

Mguu wangu wa kulia umepinda chini ya goti. Nikiwa nimesimama mbele ya darasa, na sketi ni ndefu, huoni kitu. Nikianza kutembea, unaona. Wanafunzi huuona siku ya kwanza, na siku ya pili huwa wameshanipa jina. Nawaacha. Nafundisha baiolojia, hapahapa Tabora mjini, na najua kabla muhula haujaisha tutafika kwenye mada ya mifupa. Hapo napandisha sketi mpaka gotini, nawaambia waje mmoja mmoja waguse, na sijapata kuona aliyecheka baada ya kugusa.

Baba yangu ndiye aliyenivunja. Nalisema wazi kwa sababu nyumbani kwetu Puge jambo hili lilisemwa kwa kuzungukazunguka, mguu ulivunjika, mguu ukapinda, kana kwamba mguu ulikuwa na akili yake.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Mvua zilikuwa zimeanza, na baba alikuwa analima shamba la pamba kwa maksai. Kazi yangu ilikuwa kutangulia mbele nimeshika kamba, ng'ombe wanifuate, mstari unyooke. Yeye alikuwa nyuma kwenye plau. Kiunoni alichomeka mti wa nira wa akiba, ule mti mfupi mgumu unaopita ubavuni mwa shingo ya ng'ombe, kwa sababu ile miti huvunjika kazini na yeye alikuwa hapendi kusimama. Maksai wa kushoto akashtuliwa na kitu, akavuta, na mstari ukapinda mpaka ukaingia ndani ya ule tuliokuwa tumeumaliza. Nikasikia plau inaanguka.

Pigo la kwanza lilikuja mgongoni. Nilipoanguka akahamia miguuni. Kila pigo lilikuja na neno lake, na neno lilikuwa lilelile: mstari, mstari, mstari. Pigo lililonivunja halikuuma kuliko mengine. Nilichojua ni kwamba nilipouvuta mguu nimkwepe, goti lilikuja na unyayo ukabaki.

Mama alikuwa anapalilia kunde upande wa pili. Alikuja mbio, akasimama katikati yetu, akanyanyua jembe la mkono juu ya kichwa cha baba. Baba aliutazama mguu wangu, akautazama ule mti alioushika, akautupa kichakani, kisha akaenda kuwafungua ng'ombe. Aliwafungua taratibu, akawapeleka kunywa maji. Mimi nilibaki kwenye matuta na mama.

Hospitali ilikuwepo Nzega. Baba alisema barabara imekatwa na mvua.

"Barabara haijakatwa," mama akamwambia. "Unaogopa watauliza nani kampiga mtoto. Na mimi nitawajibu."

Lakini baiskeli ilikuwa ya baba, na mama peke yake asingeweza kunibeba mpaka Nzega. Wakamwita bibi wa mifupa.

Alitokea upande wa Choma, mwanamke mzee mwenye mikono mipana kuliko ya baba. Alisema ukoo wake ulikuwa ukiunga mifupa tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wanapita na mizigo mabegani kwenda pwani. Mpagazi akivunjika mguu, alisema, aliachwa kando ya njia pamoja na kuku. Kuku naye alivunjwa mguu, akafungwa vilevile. Siku kuku akisimama akatembea, mpagazi naye alisimama akawafuata wenzake. Kama ni kweli au aliyatunga sijui, ila kuku alikuwa sehemu ya kazi yake, na kwetu hakuna aliyeshangaa. Kila mtu alimjua mtu aliyeungwa kwa kuku.

Baba alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kumtazama. Alikuwa ameshaushika mguu wangu.

"Nani kauvunja?"

"Baba yake," mama akasema.

"Basi ndiye atakayemvunja kuku. Kwangu ndivyo ilivyo. Aliyevunja anavunja tena, akiwa na macho makavu, na anamtunza yule kuku yeye mwenyewe. Kuku akifa, mguu wa mtoto uko shingoni mwake."

Kisha akaniunga. Baba alinishika kwapani, mama akanilalia kwenye mguu mzima, na bibi akaweka kisigino chake kwenye nyonga yangu akavuta. Nilikuwa nimepewa kanga niume. Niliitoboa. Alikuwa anavuta huku anapapasa kwa kidole gumba, anasukuma vipande vya mfupa virudiane, na mimi nilikuwa nasikia vikisagana ndani yangu. Nilimtapikia baba mikononi. Hakuniachia, na hilo nalisema pia, maana lilitokea. Bibi akaufunga mguu kwa mabanzi na magome ya mti, akapokea ujira wake wa unga wa mtama, akamwachia baba maneno haya: atafute kuku mkubwa, aliyekwisha kutaga na kulea. Akaondoka, maana mto ulikuwa unajaa.

Baba alikwenda bandani akarudi na mtetea mwekundu, mwembamba, kishungi bado kidogo.

"Huyu hajataga," mama akamwambia.

"Kuku ni kuku."

"Bibi kasema mkubwa."

"Nimesema kuku ni kuku."

Nilikuwa nimelazwa kwenye mkeka karibu na mlango, kwa hiyo nilimwona vizuri. Alikaa kwenye kigoda, akambana kuku kati ya mapaja, akaunyoosha mguu wake wa kulia. Alijaribu mara ya kwanza, mguu ukapinda usivunjike, na kuku akalia sauti moja ndefu. Baba akageuza uso. Mtu huyu alikuwa amenipiga bila kuvuta pumzi, na sasa alikuwa anashindwa kumtazama kuku. Akajaribu tena na ukavunjika, mlio mdogo kama wa kijiti kikavu. Akaufunga kwa vipande vya matete, kwa uangalifu, akilamba uzi ili usiteleze. Nilimchukia wakati ule kuliko alipokuwa ananipiga.

Chuki ikakua. Yule kuku aliwekwa kwenye tenga kando ya kigoda cha baba. Alilowekewa mtama, akasagiwa karanga, akafukuziwa mwewe. Baba alizungumza naye. Nilimsikia akimwuliza kama amelala vizuri, kama kamba imembana. Mimi alinipita mlangoni kila siku, anaingia, anatoka, anarefusha hatua ili asiukanyage mkeka, na hakuniuliza lolote. Nilianza kukusanya mawe madogo chini ya mkeka na kuyarusha kwenye tenga akiwa shambani. Nilitaka kulipasua kichwa lile dude jekundu. Siku moja nililipata ubavuni, mama akaja akanishika mkono.

"Ukimuua huyo, umejiua mguu," akasema.

"Afe."

Mama akanizaba kofi, kisha akaniokotea mawe yote akayatupa nje. Akarudi akakaa nami, akanilisha michembe ya viazi na maziwa kana kwamba nilikuwa na miaka miwili.

Sasa nieleze kilichokuwa kinaendelea ndani ya ule mguu, maana ndicho ninachokula mshahara kwa ajili yake, na nisipokieleza hutajua nilivyoibiwa.

Mifupa mirefu haianzi ikiwa mifupa. Mtoto akiwa tumboni, mahali pa mfupa pana gegedu, kitu kilekile laini unachokishika ukikunja sikio lako. Kisha mwili unaanza kutoa amri. Amri hizo ni protini ndogondogo. Darasani naziita vichochezi vya ukuaji. Kimoja huziambia seli za gegedu ziongezeke. Kingine huzizuia zisikomae kabla ya wakati. Kingine huita mishipa ya damu, na kingine huwaita wajenzi wa mfupa. Usidhani ni kazi ya upole. Seli za gegedu huvimba, hujizungushia chokaa, nyingi hufa palepale. Damu inavamia mahali pao. Nyuma yake zinakuja seli zinazotafuna mabaki, na nyingine zinajenga mfupa juu ya kilichotafunwa. Kila aliye na urefu aliupata kwa vita hivyo.

Ukivunjika, vita vinarudi. Mwili unajaza pengo kwanza kwa gegedu, kwa sababu pale mishipa imekatika na gegedu linaweza kuishi na damu kidogo. Linashika ncha mbili zisichezecheze. Kwa nje unapapasa, unahisi fundo, unasema tayari. Si tayari. Ni laini, linasubiri amri zifuatazo, na amri hizo hazina haraka moja kwa viumbe wote. Kuku mchanga ambaye bado anakua anamaliza mapema sana. Mtoto wa binadamu huchukua muda zaidi. Mzee huchukua muda mrefu, na wakati mwingine amri haziji kabisa. Kuku wa kwetu alikuwa saa mbovu kwa mtu yeyote, na kuku aliyekuwa bado anakua alikuwa saa inayokimbia.

Kwa hiyo yule mtetea akatembea. Alitoka kwenye tenga mwenyewe, akachechemea kidogo, akaanza kuparura. Mama alikuwa ameenda msibani. Baba alimfungua kuku matete, akamtazama anavyokwenda, halafu akaja kwangu na kisu. Nilidhani anakuja kunichinja. Alikata kamba za mabanzi.

"Amka," akasema. "Mwenzako anatembea."

Nilimwambia naogopa. Akaniinua kwapani, akanisimamisha, akaniachia. Nikasimama. Nakumbuka hata nilifurahi, niliona ua wote kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na mbuzi, na pipa la maji. Akarudi nyuma akaniita kwa mkono. Nikapiga hatua ya mguu mzima, kisha nikauweka uzito kwenye ule mwingine, nao ukapinda chini yangu polepole. Haukukatika. Ulikunjika kama mti mbichi unavyokunjika. Nililia mpaka majirani wakaja, na baba alikuwa amesimama katikati yao anasema, "Amekanyaga vibaya. Nimemwambia aende polepole, amerukaruka."

Bibi wa mifupa akaitwa tena. Alivuta, safari hii watu wawili wakanilalia, na alipochoka alisema mfupa umeshaanza kushika, akiendelea atavunja na pale palipo pazima. Akamwomba mama amletee kuku. Akampapasa kishungi, akampapasa mguu, akamweka chini.

"Huyu kuku ni mtoto," akasema. "Nilisema mkubwa."

"Kuku hana kosa," baba akajibu. "Msichana ndiye aliyeruka."

Hakuna aliyembishia baba mwenye nyumba mbele ya watu. Ila mama alimshika yule kuku miguu, akaenda naye kwenye kizingiti cha mlango alipokuwa amekaa baba, akamkata kichwa palepale, damu ikamrukia baba suruali. Akampika. Mapaja yote mawili akaniwekea mimi. Baba hakula. Nilipomaliza nyama niliona kwenye mfupa wa kulia fundo, gumu, jeupe, zuri kabisa. Nililiuma. Meno yangu hayakuliweza. Nililia tena, kwa wivu, kwa sababu yeye alikuwa ameungwa na mimi sikuungwa.

Tangu hapo hadithi ikawa hiyo. Alikanyaga vibaya. Waliambiwa mapadri, waliambiwa walimu, waliambiwa wakwe zangu siku ya posa mbele yangu, baba akicheka kidogo: huyu tangu mdogo hana subira, ndiyo maana mguu uko hivyo. Nilisoma kwa hasira. Nilipofika mahali vitabu vinapoeleza gegedu na mfupa, nilifunga mlango wa bweni nikapiga ngumi godoro mpaka mkono ukavimba. Nilimwandama baba kila likizo. Nilimweleza kwa Kiswahili, nilimweleza kwa Kinyamwezi. Alikuwa akinisikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, "Lakini ulikanyaga vibaya." Mama alifariki bila kusikia jibu jingine.

Mwaka huu bodaboda ilimwangusha baba akitoka mnadani, akavunjika muundi wa kulia. Palepale pangu, nasema kweli. Ndugu wakamleta kwangu Isevya, hapa mjini, kwa kuwa hospitali iko karibu na mimi ndiye nisiye na watoto wadogo. Alifungwa plasta. Kila tuliporudi kupiga picha, daktari, kijana mpole, alituonyesha ule ufa mweusi na wingu hafifu kando yake. Bado, mzee. Tukarudi tena. Bado. Baba alikuwa anageuka kuwa mnyama aliyefungwa. Alinirushia bakuli la uji. Alinipiga kwa gongo nilipomwinua kwenda msalani, nikalinyakua, tukavutana kwenye korido wazee wawili, maana na mimi si kijana tena. Nilikuwa namwosha kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa namgeuza kitandani kama gunia, na akigumia nilikuwa nasikia raha, raha ya kweli, tumboni.

Jumamosi moja nilitoka kwenda dukani kwa jirani kununua chumvi. Niliporudi nilisikia mapigo tangu uani. Baba alikuwa amekaa sakafuni jikoni, mguu ameunyoosha, mchi wangu wa kutwangia vitunguu mkononi, anaivunja plasta. Vipande vyeupe vilikuwa vimetapakaa. Alikuwa anajipiga sana, jasho linamtoka, na alikuwa anakaribia palepale penye ufa.

Nilimrukia. Aliniuma mkono. Nilimsukuma, kichwa chake kikagonga kabati, nikamnyang'anya mchi. Nikajikuta nimesimama juu yake, mchi nimeunyanyua, na mguu wake umelala chini yangu, umekonda, mweupe kwa vumbi la plasta, hauna kinga. Nilijua hasa mahali pa kupiga. Nimefundisha mahali hapo miaka mingi.

Baba aliutazama mchi. Hakujikinga.

"Daktari wako hajui," akasema, anahema. "Anatazama picha. Nitafutie kuku."

Nikaushusha mchi kidogo.

"Nimejiangusha mwenyewe kwa kupanda ile bodaboda, kwa hiyo nitamvunja mwenyewe. Nenda sokoni." Akameza mate. "Ila usilete mdogo. Leta mkubwa, aliyekwisha kulea. Mdogo anawahi kutembea. Mtu bado hajawa tayari."

"Nani kakuambia mdogo anawahi?" nikamwuliza.

Alianza kuokota vipande vya plasta na kuvirundika pajani, kimoja kimoja, kama vingemsaidia.

"Nilijua," akasema. "Wakati ule nilijua. Bibi alisema, mama yako akasema, na mimi mwenyewe nilikuwa najua."

"Kwa nini?"

"Nilitaka uamke upesi. Kila nikipita mlangoni umelala pale. Nilikuwa siwezi kukutazama."

Mkono ulikuwa umeanza kuniuma, pale aliponiuma na pale nilipokuwa nimeshika mchi kwa nguvu. Nilimwambia, "Baba, sema nilikanyagaje."

Akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Sema."

"Hukukanyaga vibaya," akasema. "Ulikanyaga vizuri. Nilikuona."

Nilikaa sakafuni mbele yake. Miguu yetu miwili ilikuwa imenyooka sambamba, wake na wangu, na wangu ndio uliokuwa umepinda. Nililia na sikumficha. Yeye alinyoosha mkono, nikadhani anataka kunishika, kumbe alitaka mchi amalizie plasta iliyobaki. Nikainuka nao, nikauweka mbali asiufikie, nikaosha alama za meno mkononi, nikampigia mwenye bajaji aje atupeleke wakamfunge upya.